Sigara Iliyokwenda Harusini: nilivyoisafisha gari ya mvutaji hapa Mtwara

Gari nililichukua Dar mwezi wa nne, kwa hela ya korosho na mkopo kidogo wa kikundi. Dalali alilileta asubuhi na mapema, vioo vinne vyote vimeshushwa, na kwenye kioo cha kutazamia nyuma zinaning'inia kadi tatu za manukato. Tatu! Mtu mzima mwenye akili zake angejiuliza gari hili linaficha nini mpaka lijipulizie hivyo. Mimi nikafungua boneti, nikachungulia chini kama kuna oili inavuja, nikalipa.

Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Niliendesha vioo wazi, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa, upepo unanipiga usoni, raha tupu. Kufika Somanga mvua ikashuka, nikapandisha vioo. Haikupita dakika kumi nikageuka kutazama siti ya nyuma, maana ilikuwa kama nimempakia mtu anavuta sigara na hataki kushuka.

Nilipofika nyumbani Shangani, mke wangu alifungua mlango wa gari, akaufunga, akaniangalia. "Baba watoto, umeanza lini kuvuta?"

Sasa hili gari sikulinunua kwa mapambo. Mama mkwe anaishi Lindi na ana pumu, na shabaha ilikuwa tuwe tunampeleka kliniki bila kumgombanisha na makondakta. Mtu wa pumu humpakii kwenye kisahani cha majivu.

Miezi miwili ya kwanza niliipoteza. Nilianza na pafyumu za dukani, nikazidisha, mpaka kichwa kikawa kinaniuma nikifika kazini. Kisha mke wangu akaingia kazini mwenyewe. Yeye kwao Mikindani, na kwao harufu mbaya dawa yake ni udi. Akaweka chetezo kwenye sufuria, sufuria ndani ya gari, milango ikafungwa, mimi nimesimama pembeni na ndoo ya maji kwa hofu ya moto. Siku mbili gari lilinukia kama chumba cha bibi harusi. Siku ya tatu, saa saba mchana, limesimama juani, nikafungua mlango: sigara ile ile, ila sasa ilikuwa sigara iliyokwenda harusini.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa AC kule Magomeni. Nilimpelekea nikidhani ataniuzia dawa ya kupuliza. Akaniambia, "Kaka, harufu haipo hewani. Imejipaka." Moshi wa sigara una lami na nikotini, vinatua kwenye kila kitu ndani ya gari na kutanda kama utando wa mafuta. Jua likichoma, vile vilivyotanda vinaanza kutoa harufu upya. Ndiyo maana asubuhi gari halikuwa na shida sana, na mchana halikalikiki. Akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha siki, akanipa nifute kioo cha mbele kwa ndani. Kioo nilikiona safi kabisa. Kitambaa kilirudi na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Kisha akafungua kidroo cha dashibodi upande wa abiria, akachomoa filta ya hewa ya ndani. Filta hiyo ikiwa mpya mara nyingi ni nyeupe. Ile yangu ilikuwa nyeusi, na kwenye mikunjo yake kuna majivu na majani makavu. Mvutaji akiwasha AC na kuzungusha hewa ya ndani kwa ndani, moshi wote unapita humo na kuendelea hadi kwenye evaporeta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa. Tuliweka filta mpya, akapuliza povu la kusafishia evaporeta, na maji yaliyodondoka chini ya gari yalikuwa ya kahawia. Kama kuna pesa moja tu ya kutoa kwa fundi, itoe hapa. Mengine utayafanya mwenyewe.

Nikasubiri mwezi wa sita, masika yameisha, kusi inavuma na hewa ni kavu. Usifanye kazi hii wakati wa mvua. Siti zikikaa na unyevu utabadilisha sigara kwa uvundo.

Jumamosi nilichomoa waya wa betri kwanza, kwa sababu chini ya siti za mbele kuna nyaya, nyingine za erbegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likipata ajali, kisha nikafungua bolti na kutoa siti zote nje. Chini ya siti ya dereva nilikuta vipisi saba vya sigara za hapa hapa kwetu, na sarafu moja ya yeni 10. Kumbe waligawana kazi, Wajapani na Waswahili.

Siti nilizisugua kwa brashi laini, sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, nikazianika upepo unapopita. Kapeti nililimwagia bekingi soda, ule unga mweupe wa kuumulia maandazi, siyo magadi ya kuivishia maharage, nikaliacha usiku kucha, asubuhi nikaenda kulivuta kwa mashine pale wanapooshea magari. Plastiki zote, milango, usukani na vioo nilivifuta kwa siki nyeupe niliyoichanganya na maji nusu kwa nusu. Shemeji yangu alikuja na chupa ya jiki, anataka tuongeze nguvu. Nikamzuia. Jiki na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo haina mzaha na mapafu. Isitoshe, jiki ingeacha mabaka kwenye siti.

Mikanda ndiyo watu wanayoisahau. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ubane na kibanio cha nguo usirudi ndani, uoshe kwenye beseni, uuache ukauke hivyo hivyo. Beseni langu nilibadilisha maji mara nne. Fikiria, kitu hicho kinapita chini ya pua yako kila safari.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye dari. Nilipokishusha kile kibao cha kukinga jua nilikuta nyuma yake umebaki mstatili wa rangi ya maziwa, na dari yote iliyobaki ni rangi ya ndizi iliyoiva. Hasira zikanipanda. Nikaimwagia povu, nikasugua kama nafua jinzi. Kitambaa cha dari kimeshikwa na gundi tu. Kikilowa, gundi inaachia. Jioni upande wa nyuma dari ilikuwa inaning'inia kama chandarua, na fundi wa siti alinitoza hela ya kuibandika kubwa kuliko gharama za sabuni zote. Dari unaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, sehemu ndogo ndogo, bila kukandamiza, ikauke, urudie kesho.

Baada ya hapo niliweka mabeseni mawili ya mkaa ndani ya gari wiki nzima usiku. Mkaa unasaidia kunyonya yale masalia, lakini ukianza nao kabla ya kusugua unajidanganya. Nimesikia pia habari za mashine ya ozoni, inayotoa gesi ya kuua harufu. Gesi ile inaumiza mapafu, gari lazima liwe tupu inapofanya kazi na lipepewe vizuri baadaye. Kwa gari la mgonjwa wa pumu sikuitaka.

Ikabaki kupima. Pua yangu ilishazoea, na ya mke wangu ilikuwa inatafuta ugomvi, kwa hiyo hukumu tukampelekea mama mkwe. Tulimchukua Lindi saa sita mchana, vioo vimefungwa, jua la utosi. Akaingia, akaketi, akaitikia shikamoo. Mpaka tunapita Mingoyo hajakohoa hata mara moja. Ndipo akaniinamia.

"Mkwe wangu, mmebeba achari humu?"

Nikashusha kioo. Harufu ya siki iliisha yenyewe baada ya siku tano.