Arthroleptis kidogo: chura wa Uluguru na safari ya jina lake

Kwenye orodha ya majina ya kisayansi ya wanyama wa dunia kuna mstari unaosomeka hivi: Arthroleptis kidogo Blackburn, 2009. Huyo ni chura wa kwetu, wa Milima ya Uluguru. Chapisho lililomtangaza lilimtangaza pia mwenzake, Arthroleptis fichika, ambaye ni wa Usambara Magharibi, kwenye msitu wa Mazumbai. Aliyewapa majina ni David Blackburn, mtaalamu wa vyura kutoka Marekani, kupitia jarida la Breviora linalotolewa na makumbusho ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard. Majina yote mawili aliyachukua kwenye Kiswahili.

Nafundisha biolojia sekondari hapa Morogoro mjini. Tukifika mada ya uainishaji wa viumbe, wanafunzi wanakariri Homo sapiens na Zea mays, wanajibu mtihani, basi imeisha. Ukiwauliza ni kiumbe gani mwenye jina la Kiswahili anayeishi kwenye mlima ule wanaouona kutoka dirishani, darasa zima linanyamaza. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana leo naandika kirefu.

Nimekulia mlimani, upande wa Kinole. Mjomba wangu alikuwa akiwaongoza watafiti msituni, na mimi nilipopata nafasi nilifuatana naye kubeba mizigo na kushika tochi. Vyura wa kundi hili hukaa kwenye majani makavu yaliyotandazika chini ya miti. Mvua ikinyesha jioni, madume yanaanza kuita, na sauti yao ni nyembamba na fupi, ukiisikia mara ya kwanza utaapa ni nyenje. Ukipiga hatua moja, kimya. Unasubiri, wanaanza tena, unasogea, kimya tena.

Mjomba alikuwa na namna yake. Mimi nasimama upande huu, yeye upande ule, hatua kama tano hivi, kila mmoja anaelekeza tochi pale anapodhani sauti inatoka, bila kusema neno. Pale mianga miwili inapokutana ndipo tunapiga magoti na kuanza kufunua majani, moja moja, kwa taratibu. Jani la juu, hakuna. La pili, hakuna. Chini ya jani la tatu au la nne, lililolowa na kuanza kuoza, ndipo unamkuta: rangi ya kahawia kama udongo wenyewe, mgongoni ana doa lililobanwa katikati na kupanuka juu na chini, koo bado linapumua kwa haraka. Anatosha juu ya ukucha wa kidole gumba.

Siku moja nilimwambia, "Mjomba, huyu si bado mtoto? Tumwache akue." Akanijibu, "Mama, mgeuze kwanza umtazame tumbo." Nikamgeuza. Ngozi ya tumboni ilikuwa nyembamba, na kupitia kwenye ngozi ile mayai yalionekana, meupe, makubwa ukilinganisha na mwili wake, machache ya kuhesabika. Alikuwa jike aliyekomaa, tayari kutaga.

Hapo ndipo penye kazi yote ya kuainisha vyura wadogo namna hii, na napenda niwaeleze vizuri. Jenasi ya Arthroleptis, yaani kundi la spishi za ukoo mmoja, haipitii hatua ya viluwiluwi. Jike hutaga mayai machache kwenye unyevu chini ya majani, na linalotoka kwenye yai ni chura kamili, miguu minne, hana mkia wa kuogelea, ila ni mdogo mno. Sasa kwenye msitu mmoja unaweza ukakuta spishi kubwa na spishi ndogo za jenasi hiyohiyo zikiishi pamoja. Vitoto vya ile kubwa vina ukubwa wa watu wazima wa ile ndogo, rangi zinafanana, na wanaruka kwenye majani yaleyale. Mtu akiokota kimoja na kukitumbukiza kwenye chupa, ni rahisi sana kuandika "mtoto wa fulani" na kuendelea na safari.

Kwa hiyo kabla hujadai kwamba umepata spishi mpya iliyo ndogo, unapaswa kuonyesha kwamba mnyama wako amemaliza kukua. Kwa jike unaonyesha mayai. Kwa dume, jenasi hii imetupa alama nzuri: kidole cha tatu cha mkono kinarefuka kuliko vingine, na kwenye spishi kadhaa kinarefuka kwa kiasi cha kushangaza. Ukishavuka hapo ndipo unaingia kwenye vipimo. Urefu wa mwili unapimwa kuanzia ncha ya pua hadi tundu la haja, maana chura hana mkia wa kukuchanganya. Unapima upana wa kichwa, kiwambo cha sikio, umbo la ncha za vidole, na kinundu kilichopo kwenye wayo. Wale wanaoitwa wadogo kabisa katika Arthroleptis hawazidi milimita 25, kwa hiyo kosa la nusu milimita kwenye kalipa, kifaa cha kupimia urefu, ni kosa kubwa. Kazi hiyo inafanyika chini ya hadubini, na inachosha macho.

Rangi haisaidii kitu. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kuliko spishi mbili za milima miwili. Sauti inasaidia sana, kama mtu alikumbuka kurekodi. Na siku hizi kuna vinasaba: kipande kidogo cha nyama kinawekwa kwenye spiriti kabla mwili haujapita kwenye fomalini, kisha kinasomwa maabara. Blackburn alitumia njia zote mbili, maumbile na vinasaba, kuonyesha kwamba vyura wa Uluguru na wa Usambara ni spishi zinazosimama peke yake.

Na sheria ya majina je? Nitachukua kitu kimoja tu ambacho wanafunzi wangu wanakipenda wakishakielewa, nacho ni mabano. Tazama jina la chura mwingine wa nyumbani: Nectophrynoides viviparus (Tornier, 1905). Jina la Tornier liko ndani ya mabano. La Blackburn, kwenye ule mstari wa kwanza, halina. Mabano yanakwambia kwamba aliyempa chura huyu jina la pili, lile la spishi, alimweka kwenye jenasi nyingine, ambayo ndiyo jina la kwanza, na watu waliokuja baadaye wamemhamisha. Kweli Tornier, aliyekuwa Berlin, alimweka kwenye jenasi ya Pseudophryne, ambayo ni ya vyura wa Australia. Jenasi ya Nectophrynoides ilianzishwa na Noble mwaka 1926, na chura wetu akahamia huko. Jina lake la pili likabaki, na mwaka ukabaki, maana sheria inaheshimu aliyetangulia, kuanzia toleo la mwaka 1758 la kitabu cha Linnaeus, aliyeweka mfumo huu wa majina mawili.

Kwa vyura wadogo wa majani makavu, mabano haya yameingia na kutoka. Mwaka 1933 mtaalamu Hewitt alimpa mmoja wao jina la Arthroleptis xenodactyloides. Baadaye vyura wengi wadogo wa aina hiyo walihamishiwa kwenye jenasi ya Schoutedenella, iliyoanzishwa mwaka 1921, kwa hoja kwamba udogo wao unawatenga na wenzao. Hewitt akaingia kwenye mabano. Kisha uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba wadogo na wakubwa wamechanganyika kwenye ukoo mmoja, Schoutedenella ikarudishwa ndani ya Arthroleptis, na Hewitt akatoka kwenye mabano. Chura mwenyewe muda wote huo alikuwa kwenye majani yake. Mimi naona huo ni ushahidi mzuri wa jinsi sayansi inavyokubali kusahihishwa hadharani, tena kwa alama mbili tu za uandishi.

Wenye Kiswahili chao mtakuwa mmeshaona kwamba chura ni "mdogo", wala hatusemi "chura kidogo" tukimaanisha umbo lake. Jina limeshasajiliwa, halibadiliki, na mimi sina ugomvi nalo hata kidogo. Neno lisilo la Kilatini wala Kigiriki halilazimiki kufuata jinsia ya jenasi, kwa hiyo "kidogo" na "fichika" yatabaki yalivyo, hata siku wakihamishwa tena. Wapo na wengine. Mwaka 2002 Channing na Stanley walimtangaza chura wa miti kutoka Milima ya Ukaguru, wakamwita Churamiti maridadi, jenasi na spishi vyote Kiswahili. Kila nikiliandika jina hilo ubaoni darasa linashangilia.

Lakini jina ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mwili. Kila spishi inayotangazwa huwekewa kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja, kinachoitwa holotaipu, kikiwa na namba yake, mahali alipokamatwa na tarehe. Siku mtu akibisha, anarudi kwenye mwili ule na kupima upya. Mwaka jana, 2025, ilionekana wazi faida yake: watafiti walichukua vinasaba kutoka kwenye vyura wa Nectophrynoides waliokaa kwenye chupa za makumbusho, wengine kwa zaidi ya miaka 120, wakalinganisha na vyura waliokusanywa miaka ya karibuni, wakagundua kwamba jina la yule viviparus wa Tornier lilikuwa limebebeshwa ndugu zake pia. Spishi tatu mpya zikatoka hapo: Nectophrynoides saliensis, Nectophrynoides luhomeroensis na Nectophrynoides uhehe. Sali iko Mahenge, Luhomero iko Udzungwa, na Uhehe hakuna wa kuuliza iko wapi. Wote hawa huzaa vitoto vilivyo hai. Bila ile chupa ya zamani, hakuna ambaye angejua kwa hakika ni yupi kati yao anayestahili kubaki na jina la 1905.

Ndiyo maana naudhika vielelezo vya vyura wa milima yetu vikibaki mbali tu. Nilishamwandikia barua mtunzaji wa mkusanyiko mmoja wa nje kuomba picha za kielelezo cha chura wa Uluguru, nikajibiwa kwa upole kwamba ratiba haikuruhusu. Namwelewa, ana maelfu ya chupa. Lakini watafiti wanaokuja leo kwa vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) wanakusanya zaidi ya kielelezo kimoja, na chura mmoja akibeba jina, wenzake waliotumika kwenye maelezo hayohayo wanaweza kugawanywa. Naomba sehemu yao ibaki nchini, kwenye vyuo vyetu, chupa zijazwe spiriti kila inapopungua, na mwanafunzi wa Morogoro aweze kwenda na kalipa yake akapime. Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Kati ya walioandika chapisho la 2025 kuna mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, John Lyakurwa.

Wapo wanaoniuliza, mwalimu, chura wa ukubwa wa ukucha ana shida gani mpaka apewe jina? Nawapeleka Kihansi. Mwaka 1996 watafiti walikuta chura mdogo kwenye korongo la mto Kihansi, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si kwingine kokote duniani. Aliingia kwenye sayansi mwaka 1999 kama Nectophrynoides asperginis, jina linalotokana na neno la Kilatini la manyunyu, wakati mradi wa umeme wa mto huo ukiwa umefika mwishoni. Maji mengi yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, vyura wengine wakapelekwa Marekani kufugwa kwenye bustani za wanyama. Huko porini wakaporomoka, na kuvu anayeua vyura naye akagundulika korongoni. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wale waliofugwa wakaanza kurudishwa. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuandika kwenye fomu. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayoonyesha spishi zilizo hatarini, inapanga spishi kwa majina yake, na tathmini ya athari za mazingira vilevile. Angekuwa bado "chura mdogo wa manyunyu" kwenye daftari la mtu, nani angetumwa kumwokoa?

Sasa ombi langu kwa mnaoishi pembeni ya hifadhi, Kinole, Bunduki, Mgeta, Matombo, na kwa wanafunzi wangu mnaorudi nyumbani likizo. Msiwakamate, kibali hatuna. Simu mnazo. Mvua za vuli zikianza, jioni mkisikia vile vinyenje visivyo nyenje, rekodini kwa dakika moja, kisha mtaje kwa sauti zenu mwishoni mwa rekodi: kijiji, tarehe, saa, na kama ni msituni, kwenye migomba au kando ya mto. Kama simu inaonyesha mwinuko, utajeni pia. Nitumieni, nitazipanga na kuzifikisha kwa wataalamu wa vyura waliopo chuo kikuu, na kila watakayoyasema kuhusu sauti hizo nitayaandika hapa pamoja na jina la kijiji zilikotoka.