Nilivyopata seti yangu ya vijiko na uma za fedha bila kununua sanduku zima

Nilipoanza kukusanya vyombo vya mezani vya fedha, nilijiwekea sharti moja: sinunui seti iliyokamilika. Seti ya kale iliyotoka yote kwa sonara mmoja katika mwaka mmoja ni adimu, na ikitokea mnadani hugombewa na wenye uwezo. Kijiko kilichobaki peke yake hakina mgombeaji. Kwa hiyo nilichagua mtindo mmoja na kuufuata kipande kwa kipande.

Nilichagua Old English, mtindo wa Uingereza ulioenea katika nusu ya pili ya karne ya 18 na ambao haujaacha kutengenezwa. Mpini hauna nakshi, na ncha yake ya mviringo huinamia nyuma kidogo. Kwa kuwa ni mtindo wa wazi namna hiyo, kijiko cha mwaka 1795 na cha mwaka 1895 hukaa meza moja bila mgeni kutambua tofauti. Ningechagua mtindo wenye makombe na maua, kila kasoro ya ulinganifu ingeonekana. Tena, nakshi za jinsi hiyo hunichosha macho.

Kazi yenyewe iko nyuma ya mpini. Hapo natafuta mihuri, kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya kiwango cha sterling, yaani sehemu 925 katika 1,000. Uingereza imemtumia tangu 1544. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji lilikuwa la Sheffield hadi 1974. Herufi moja inataja mwaka, lakini herufi hujirudia kila duru inapokwisha, hivyo huangalii herufi tu: unaangalia mwandiko wake na umbo la ngao inayoizunguka, kisha unalinganisha na jedwali. Ukiona pia kichwa cha mfalme au malkia, kwa kawaida kodi ya fedha ililipwa, na kipande ni cha kati ya 1784 na 1890. Muhuri huo peke yake umenirahisishia mambo mara nyingi kuliko herufi za mwaka, ambazo mara nyingi nazikuta zimefutika.

Mihuri ikiwa imebanwa kwenye shingo nyembamba karibu na bakuli la kijiko, badala ya kuwa juu karibu na ncha ya mpini, moyo hunidunda: kwa kawaida kipande hicho kimetangulia miaka ya 1780. Shida ni kwamba huko shingoni mihuri mingi ilipondeka sonara alipomalizia kazi.

Kuna vipande vinavyojifanya. Baada ya kampuni ya Elkington kupata hataza mwaka 1840, kuchovya fedha kwa umeme kulienea, na watengenezaji wakawa wanagonga herufi kama EPNS (kifupi cha Kiingereza cha nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme), kila moja ndani ya ngao yake, ili kwa mbali zifanane na mihuri halisi. Ndani ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Sumaku haikusaidii hapa, kwa sababu mchanganyiko huo haunaswi na sumaku, sawa na fedha yenyewe. Mimi hutazama mgongo wa bakuli, pale kijiko kinapoegemea meza: mchovyo ukilika, rangi ya njano hujitokeza.

Baada ya mihuri nakagua uchakavu. Wengi wetu hula kwa mkono wa kulia, kwa hiyo ncha ya bakuli huliwa zaidi upande wa kushoto. Kidogo tu si neno. Ikiwa bakuli limepoteza umbo lake, narudisha. Kisha nauhemea mpini: mvuke wa pumzi huonyesha kivuli cha herufi za majina zilizofutwa, na hapo napapasa kwa kidole gumba na cha shahada kuona kama fedha imebaki nyembamba kama karatasi. Mpini wenye herufi za familia nisiyoijua naupenda kuliko uliokwanguliwa.

Uma zilinisumbua kuliko vijiko. Meno huchakaa, na wengine huyakata yalingane ili yaonekane mapya. Nilipata uma mmoja mzima, nikaufanya kipimo, na kila mwingine naulaza juu yake. Meno yakiwa mafupi, sinunui, hata mihuri iwe safi namna gani.

Visu vya kale niliviacha kabisa. Mipini yake mingi ni ganda jembamba la fedha lililojazwa utomvu, na maji ya moto huulegeza. Makali ya chuma ya zamani nayo hushika kutu. Natumia visu vya kisasa vya chuma kisichoshika kutu.

Vilivyobaki vyote tunalia chakula. Fedha inayotumika na kuoshwa kwa mkono huchelewa kuwa nyeusi, ila mayai huipaka weusi upesi kwa sababu ya salfa, na chumvi ikilala juu yake huichimba. Kilichopungua kwenye seti sasa ni uma ndogo za kitindamlo za kabla ya 1800, na sina haraka nazo.