Siku moja na marehemu mama: daftari la msimamizi wa mwendelezo

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshaisoma ratiba ya siku kwenye simu. Sini ya 41, ndani, usiku, chumba cha marehemu mama. Mabinti watatu wanafungua sanduku. Kurasa nne na nusu. Kwa hesabu yetu ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya kipindi, kwa hiyo kutwa nzima ya leo itazaa dakika nne na nusu za watu waliokaa sakafuni wakipekua makaratasi.

Nasimamia mwendelezo. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio unaouona ukiwa umekaa sebuleni. Leo tunafungua sanduku, ambalo liko sehemu ya sita. Kesho tunarudi kwenye mazishi, sehemu ya kwanza. Lazima awepo mtu anayekumbuka mtandio ulikaaje, glasi ilikuwa na maji kiasi gani na, gumu kuliko yote, nani alikuwa ameshajua nini. Seti nzima inaniita Mama Daftari.

Saa 1:00 asubuhi

Naanzia meza ya vifaa. Mama wa tamthilia hii hatumwoni akiwa hai hata mara moja. Yote tunayoyajua juu yake yamo humu: ufunguo usio na kufuli, madaftari ya shule yaliyojaa mashairi kwa penseli, picha moja ya ujanani, na bunda la barua zilizofungwa kwa utepe, zote zimeandikiwa Bwana fulani.

Mabinti watadhani ni hawara. Watazamaji nao watadhani hivyo, na tumewaacha wadhani kwa sehemu mbili nzima. Ukweli ni kwamba Bwana huyo ni mama mwenyewe. Alikuwa akitunga nyimbo na kuziuza kwa jina la kiume, huku nyumbani akijulikana kama mshonaji asiyependa hata redio. Mimi nilifurahi niliposoma mswada mara ya kwanza. Kila tamthilia ya siri za mama huishia kwa mwanamume na mtoto wa nje, kana kwamba mwanamke hana kingine cha kuficha.

Fundi wa vifaa amezifanyia kazi barua zile. Karatasi amezilowesha kwenye chai ya rangi, akazianika, kisha akazipiga msasa kwenye mikunjo ili zionekane zimefunguliwa na kufungwa miaka na miaka. Kila barua ina nakala kadhaa, maana binti wa kati anaifinyanga moja kwa hasira, na karatasi ikishafinyangwa haiwi mpya tena. Napiga picha kila kitu kwa tableti: fundo la utepe, barua ipi iko juu, penseli imelalia upande gani. Walionitangulia katika kazi hii walitumia kamera za Polaroid na kubandika picha kwenye mswada.

Saa 3:00 asubuhi

Madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, kwa hiyo humu ndani ni usiku. Tunaanza na picha pana inayowachukua dada wote watatu kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho wa sini. Kibao cha kuanzishia rekodi kinapigwa mbele ya kamera. Kwa wasiojua, mlio ule haupigwi kwa mbwembwe: ndio unaomwezesha mhariri kulinganisha sauti na picha, kwa sababu vinarekodiwa kwenye mashine mbili tofauti.

Kila mara sini inaporekodiwa ni teki moja. Teki ya kwanza, kitindamimba anavuta utepe kwa mkono wa kulia. Naandika. Ya pili, wa kati anakaa kabla ya kusema, "Mama alikuwa na mtu!" badala ya kusema kisha akae. Naandika.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niinue macho. Mswada unasema wote watatu wanainamia barua. Wadogo wakainama. Dada mkubwa hakuinama. Alikuwa akimtazama mdogo wake anayesoma, mkono wa kushoto ameushika kwenye pindo la gauni lake, dole gumba likisugua mshono mbele na nyuma. Kitindamimba akauliza, "Dada, huyu Bwana ni nani?" Akajibu kama ilivyoandikwa: "Sijui." Lakini alijibu mapema mno, swali halijamalizika.

Mwongozaji akasema teki ni nzuri, tuendelee. Nikamfuata mwigizaji pembeni.

"Bi mkubwa, ulikuwa huitazami barua."

"Naitazamia nini? Huyu anajua."

"Wapi imeandikwa kwamba anajua?"

"Haijaandikwa. Lakini mtoto wa kwanza wa kike, nyumba ndogo, mama anaandika usiku. Atakosaje kujua?"

Nikaandika mkono wa kushoto, pindo, dole gumba. Pembeni nikaweka alama ya kuuliza.

Saa 5:00 asubuhi

Picha za karibu. Hapa ndipo uso wa kila mmoja unapigwa peke yake, na kamera inabaki upande ule ule wa mstari wa kufikirika unaopita kati yao. Ukiuvuka, dada wawili wanaotazamana wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Taa zinachukua muda kupangwa. Nikautumia kusoma barua ya juu, ile itakayoonekana skrini nzima. Inatoka studio ya kurekodi: *Bwana, tunashukuru kwa kufika mwenyewe kwenye mazoezi Jumanne iliyopita.* Nikaitazama tarehe. Nikafungua daftari langu kwenye ukurasa wa maisha ya mama. Mwezi ule, kwa mujibu wa sehemu ya pili ambayo tumeshairekodi, mama alikuwa amelazwa hospitali baada ya kujifungua binti wa kati kwa shida. Shangazi mtu anaisimulia habari hiyo kwa kirefu, na sini ile haitarudiwa.

Mtazamaji wa zamani angeweza kusahau. Wa leo anasimamisha picha, anaisoma barua herufi kwa herufi, kisha anawauliza wenzake.

Saa 7:00 mchana

Kikao cha watu wanne huku tunakula: mimi, mwongozaji, mwandishi wa mswada na fundi wa vifaa. Mwongozaji akataka tarehe isogezwe tu. Mwandishi hakutaka, kwa sababu wimbo wenyewe unatajwa na mwaka wake sehemu ya tisa. Mwongozaji, ambaye siri hii haijawahi kumkaa vizuri, akauliza tena kama kweli mama anaweza kuishi hivyo nyumba isijue.

Mwandishi huwa hakosi jibu la swali hilo. Vivian Maier alikuwa yaya huko Chicago, Marekani. Alipiga picha zaidi ya 100,000 bila kuonyesha karibu mtu yeyote, hadi 2007 vitu vyake vilipopigwa mnada kwa deni la kodi ya ghala. Kabla ya hapo dada watatu wa Uingereza, Charlotte, Emily na Anne Brontë, walichapisha mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ambayo wasomaji waliyachukulia kuwa ya wanaume, na 1848 wawili kati yao wakalazimika kwenda London kumthibitishia mchapishaji kwamba wao ni watu tofauti. Kwa hiyo, akasema, la kuuliza siyo kama inawezekana. Uliza nani alimbebea siri hiyo.

Hapo nikawaeleza juu ya teki ya tatu. Mkono wa kushoto, pindo la gauni, lile "sijui" la haraka.

Mwandishi akanyamaza, akavuta kitambaa cha karatasi akaandika juu yake: *Bwana, tunashukuru kwa wimbo ulioletwa kwa mkono wa binti yako.*

Tarehe ikabaki. Mama akabaki hospitali. Na dada mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa mwezi ule, ndiye aliyetumwa.

Fundi wa vifaa peke yake ndiye hakufurahi. Barua upya, chai upya, msasa upya.

Saa 9:00 alasiri

Barua mpya bado inakauka, lakini picha za karibu zinaendelea na ya zamani: kamera inaona mgongo wa karatasi tu. Tunarudia uso wa dada mkubwa. Mpambaji anaulizwa kama machozi yatahitajika; mwigizaji anasema hapana. Sasa sentensi ile anasomewa kwa sauti na mdogo wake. Kwenye neno "binti", dole gumba linasimama. Hafanyi kingine.

Nakagua na ile picha pana: mkono ule ule, pindo lile lile. Zinaungana.

Saa 12:00 jioni

Barua inapigwa peke yake, waigizaji wameshaondoka. Mikono ni ya msaidizi aliyevaa pete ya kitindamimba. Kisha fundi sauti anatunyamazisha wote kwa nusu dakika kurekodi ukimya wa chumba, utakaozibia mapengo wakati wa kuhariri. Mtu mmoja akapiga chafya. Tukaanza upya.

Saa 2:00 usiku

Namtumia mhariri ripoti: teki ya tatu kwa picha pana, asiiguse nyingine. Halafu nafungua mswada wa kesho, wa mazishi.

Kuna redio ya mgeni inapiga wimbo wa zamani. Dada mkubwa anasema, "Zimeni hiyo redio." Tulikuwa tunaichukulia kama huzuni ya mfiwa. Nikamwandikia mwongozaji: maneno yasibadilike hata moja, ila aache ubeti uishe kwanza ndipo aseme, na wadogo zake wasimwangalie.

Akajibu mara moja: sawa, wimbo wenyewe uko wapi?

Mtunzi wa muziki alipangiwa sehemu ya tisa, wiki mbili zijazo. Ameahidi ubeti mmoja kabla ya saa 12:00 asubuhi.