Kijaa cha Pono

Nilikuwa kidato cha tatu. Ami yangu alikuwa na meza ya kupara samaki sokoni Mji wa Kale, Mombasa, karibu na Bandari ya Kale, na Ijumaa hiyo mwalimu wa bayolojia alitwambia kila mtu alete kichwa cha samaki Jumatatu tusome matamvua anayopumulia. Nilijua wenzangu wote wataleta cha samaki aitwaye changu. Mimi nilitaka kuwashinda.

Jumamosi asubuhi nikamwendea.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umekuja kusoma au kula?"

Alianza na changu vilevile. Akakata kifuniko cha shavu, akawatupia paka, na ndani yakaonekana matao manne ya mfupa kila upande. Kila tao lilikuwa na nyuzi nyekundu kwa nje na vijino vifupi kwa ndani. Maji huingia mdomoni, hupita baina ya matao, damu ya zile nyuzi huchukua hewa yake, kisha maji hutokea nyuma ya shavu. Vijino huzuia chakula kisitoroke na maji. Akanifungulia na samaki aitwaye simu nione tofauti: vijino vya simu ni virefu, vyembamba, vimesongamana, kwa kuwa samaki huyu huishi kwa kuchuja vijidudu vya majini, ilhali changu hula kaa na makombe.

"Haya yamo kitabuni, ami. Nataka la ajabu."

Akanitazama kidogo, akavuta pono mkubwa wa kijani.

Pono nilimjua kwa usingizi tu, kama mtu yeyote wa pwani. (Na hakusingiziwa: wako pono ambao usiku hujitolea ute wakajifunika gubigubi, wakalala humo.) Ami aliyapita matao manne bila hata kuyaangalia. Alichokitaka kilikuwa nyuma yao, pale panapostahili kuwa na tao la tano. Tao hilo halikuwa na uzi mwekundu hata mmoja. Akachokoa kooni kwa ncha ya kisu, akatoa mfupa mmoja mzito uliojaa safu za meno, kisha kutoka paa la koo akatoa miwili mingine iliyolala sambamba, nayo ina meno. Akaiosha kwa maji ya ndoo, akaikutanisha, akaisugua mbele na nyuma. Ikalia krrr.

"Hichi ndicho kijaa chake, jiwe lake la kusagia," akasema. "Ule mdomo wa mbele ni wa kuguguna jiwe tu. Kazi yenyewe iko huku."

Akamtumbua. Utumbo ulikuwa umejaa unga mweupe wa matumbawe. Pono huparura mwani juu ya mwamba, humeza na mawe yake, huyasaga kooni, kisha hunya mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoutembelea ufukweni imepita njia hiyo. Nilimuuliza ami ni nani aliyemfundisha. Akashangaa swali. Kisu kikigonga mfupa huo kila siku, utakosaje kuujua?

Nikaondoka na mifupa ya pono na kichwa cha papa mdogo ambacho hakuna mteja aliyekitaka.

Jumatatu vichwa vya changu vilijaa maabara na harufu yake siisemi. Mwalimu alikuwa amesoma habari za tao la tano, lakini kijaa chenyewe hakuwahi kukishika, na alikizungusha mkononi mpaka kipindi kikakaribia kwisha. Ndipo akamgeukia papa. Papa hana mfupa, ni gegedu tupu, laini kuliko mfupa, wala hana kifuniko cha shavu. Ana mianya mitano wazi kila upande. Mwalimu alimchuna ngozi, akatwambia tutazame kutoka nyuma kwenda mbele. Matao ya matamvua: kila moja lina kipande cha juu na cha chini, na kiungo kati yake. Mbele yao tao jingine, linaloshikilia taya. Mbele ya hilo, taya lenyewe: kipande cha juu, cha chini, na kiungo.

Mjerumani Carl Gegenbaur, katika karne ya 19, aliona mpangilio huo akadai kwamba taya lilikuwa tao la matamvua hapo zamani, likabadili kazi. Mwalimu alikuwa mkweli: hakuna kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, kilichopatikana chenye taya linalobeba matamvua kamili, na wataalamu bado wanabishana. Lakini katika kiinitete, kiumbe kinapoanza kuumbika, taya na matao hujengwa na seli za asili moja. Mimi sikuhitaji zaidi. Nilikuwa nimekwisha kumwona pono, samaki aliyeligeuza tao lake la mwisho likawa taya la pili, na hilo halina ubishi.

Kisha akatwambia kwamba hata kiinitete cha mtu huwa na matao hayo. Kile kipande cha juu cha tao linaloshikilia taya la samaki, kwetu kimepungua kikawa kifupa cha milimita 3 hivi ndani ya sikio, cha kupitisha sauti.

Jioni nikampelekea ami habari hiyo. Alikuwa akinoa kisu. Akafikiri, akajigusa sikio, kisha taya.

"Ndiyo maana shangazi yako akinena nami nikila, simsikii," akasema. "Na vile vijaa viko wapi? Virudishe, kuna mtu kavitaka."

Nikamwambia mwalimu amevifungia kabatini.

"Basi nitampa vingine. Pono wako tele."

Akanisogezea beseni la tafi nimsaidie kuwatumbua.