Skrubu Moja Chini ya Darubini

Ilikuwa Julai, siku mbili kabla ya mgeni wa kwanza kufika kwenye kambi yetu ya uwindaji kule Rungwa, Tanzania. Mwindaji bingwa akanikabidhi bunduki ya akiba, ile .375 yenye darubini ya kulengea: "Ipige shabaha, ikae sawa." Nikadhani ni kazi ya nusu saa. Ilikula siku zote mbili na risasi 17, na risasi za .375 hazinunuliwi kama karanga.

Nianze na ujinga wangu. Karatasi niliiweka mita 50. Risasi ya kwanza ikaangukia sentimita 8 kulia. Kliki moja, yaani mlio mmoja wa kirungu cha kurekebishia darubini ile, husogeza risasi kama milimita 7, lakini hiyo ni kwa mita 100. Kwa mita 50 ni nusu yake. Mimi nikageuza kliki 11 palipotakiwa 22. Ya pili ikaenda juu, nikageuza. Ya tatu ikarudi kulia, mbali zaidi ya ile ya kwanza. Nikageuza tena. Mzee wetu wa kufuata nyayo za wanyama, aliyejilaza kivulini, akainua kichwa: "Mwanangu, unaifukuza risasi. Piga tatu bila kugusa kitu, ndipo uamue."

Nikapiga tatu. Zikatawanyika upana wa sahani ya wali. Kwa mtawanyiko ule, ugeuze usigeuze ni kazi bure. Nikaihukumu darubini: imekufa ndani, mateke ya .375 yameimaliza.

Kabla sijapeleka habari hiyo mbaya, nikatoa risasi zote, nikachomoa bolti (komeo la nyuma ya mtutu), nikakagua. Pete zinazoishika darubini zilikuwa zimekaza. Kumbe skrubu za besi ya mbele, kile chuma kinachobeba pete, zimejificha chini ya darubini yenyewe, huzioni mpaka uing'oe. Nilipoing'oa, skrubu moja ikazunguka kwa kucha tu! Chini ya besi kulijaa mafuta. Aliyeyatia nadhani ni mimi, maana msimu uliopita niliipaka bunduki ile mafuta kama chapati. Nikasafisha kwa petroli, nikadondosha gundi ya skrubu, nikakaza kwa bisibisi inayoenea vizuri (isiyoenea hula mdomo wa skrubu), nikaiacha ilale mpaka kesho.

Asubuhi nikailaza kwenye viroba vya mchanga, bolti nje, nikachungulia karatasi kupitia mtutu. Msalaba wa darubini ulikuwa unatazama kwingine kabisa, na kirungu cha pembeni kimebakiza kliki chache kifike mwisho. Nikahesabu kliki kutoka mwisho hadi mwisho, nikakirudisha katikati. Kusogeza kwenyewe nikakufanya kwa skrubu mbili zinazobana pete ya nyuma: legeza ya kushoto, kaza ya kulia, nyuma ya darubini ikaenda kushoto na risasi nayo ikafuata huko.

Nikahamia mita 100. Nilipiga tatu, nikisubiri mtutu upoe mpaka niweze kuushika kwa mkono. Zote zikaingia ndani ya sentimita 4. Kuihakikisha darubini niliyoisingizia, nikapanda kliki 20, nikapiga, nikashuka 20, nikapiga: risasi ikarudi palepale kwenye zile tatu.

Mwisho nikaomba rangi ya kucha kwa mpishi, mama yangu mdogo, nikachora mstari mwekundu kutoka kichwa cha kila skrubu inayoonekana hadi kwenye chuma. Sasa kila jioni nikifuta bunduki, natazama mistari ile kwanza. Mafuta kule juu sipeleki tena.