Nilijua Kupanda, Sikujua Kushuka

Jumamosi ya kwanza ya maandalizi yangu ya kupanda mlima niliparamia jabali moja kando ya mto Themi, juu kidogo ya Ilboru. Kimo chake hakifiki hata paa la nyumba ya kawaida, na nilikuwa juu yake kabla jasho halijanitoka. Kushuka kulinichukua karibu robo saa. Nilipokuwa nikipanda, macho yaliona kila mahali pa kushika; nilipogeuka kushuka, mguu ulianza kupapasa mahali ambapo macho hayafiki, na tumbo langu lilikuwa limezuia njia yote ya kutazama chini. Watoto waliokuja kuchota maji walisimama kunitazama, na mmoja wao akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, nami nikalazimika kuitikia marahaba nikiwa nimelikumbatia jiwe.

Siku ile ndipo nilipotambua kwamba mazoezi yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya mapafu tu. Nilijiandaa kuchoka, sikujiandaa kushuka.

Ninakokwenda ni Mlima Meru, ambao nimeuona tangu utotoni kila ninapofungua dirisha, na ambao kimo chake kilichozoeleka kuandikwa ni mita 4,566. Safari huanzia lango la Momella, upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na wapandaji husindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu njia ya chini hupita katikati ya nyati, twiga na pengine tembo. Usiku wa kwanza hulalwa Miriakamba, kwenye mita 2,500 na ushei, na wa pili hulalwa Saddle, kwenye mita 3,570. Kufikia hapo ni kutembea tu, ingawa ngazi ndefu za kwenda Saddle zina sifa mbaya miongoni mwa wapagazi. Kazi inayonitisha huanza baada ya mahali panapoitwa Rhino Point, ambapo njia inashika ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, kupitia Cobra Point hadi kileleni, Socialist Peak.

Umbo la ukingo huo lina sababu yake. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, na kifusi chake kikatapakaa hadi pale yalipo leo maziwa ya Momella. Kilichobaki ni ukuta wenye umbo la kwato ya farasi, na sisi tunatembea juu ya ukuta huo. Upande mmoja ni mteremko wa nje wa mlima. Upande wa pili ni genge linaloshuka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye sakafu ya kreta, ambako kimesimama kilima cha majivu. Katika sehemu fulani njia hukatiza juu ya mwamba ulioinama, na hapo imefungwa minyororo ya kushikilia.

Watu huondoka Saddle saa saba au saa nane usiku ili mapambazuko yawakute juu. Maana yake ni kwamba mtu huvuka mwamba huo kwa mara ya kwanza akiona tu duara dogo la mwanga wa taa yake ya kichwani, kisha huurudia mchana kweupe, akiwa amechoka na akishuka. Kiongozi wetu, kijana wa Ngaramtoni aliyeanza kazi ya mlima akiwa mpagazi, aliniambia hivi: “Dada, wengi hawaogopi wakati wa kwenda. Huganda wakati wa kurudi, wanapoona walikopita.”

Kwa hiyo nilimwomba tuanze upya, naye akaja Themi Jumamosi tatu mfululizo. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba katika viungo vinne, yaani mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimetulia kila wakati na kimoja tu kiwe kinasogea. Kanuni ya pili ilinisumbua zaidi, nayo ni kuacha kulikumbatia jiwe. Mwili unapoogopa hujibana kwenye mwamba, nyayo zikasukumwa nje na kuteleza. Ukijitenga kidogo, uzito wote huangukia miguuni na soli ya kiatu hushika. Mikono ni ya kusawazisha, si ya kujivuta. Magoti hayatumiki kabisa, hata kama yanajileta yenyewe. Mahali penye mteremko mkali unashuka uso ukiwa umeelekea mlimani. Mteremko ukipungua, unageuka na kushuka ubavu. Kila jiwe hugongwa au kutikiswa kwanza kabla ya kukabidhiwa uhai wako, na likikuponyoka unapiga kelele “Jiwe!” bila kuona haya, kwa sababu chini yako kuna mtu.

Katikati ya wiki nilishuka ngazi. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne, na jioni watu wakishaondoka nilibeba mkoba wenye mfuko wa kilo tano wa unga na chupa mbili za maji, nikapanda na kushuka mara kumi, nikihesabu kushuka kuwa ndilo zoezi na kupanda kuwa nauli yake. Siku mbili za mwanzo mapaja yaliniuma hata kukaa kwenye daladala. Mlinzi alidhani naiba unga.

Vifaa sikutumia fedha nyingi. Buti nilizipata kwenye mitumba ya Kilombero, na nilizichagua kwa kuzikunja: soli inayojikunja kama ndala haifai kwenye mwamba. Glavu za sufu nimeziacha kwa ajili ya baridi ya kambini, kwani kwenye mnyororo wa chuma zinateleza. Nimechukua za ngozi, zile za mafundi ujenzi, nafuu na imara. Fimbo za kutembelea zitafungwa kwenye mkoba kuanzia Rhino Point, maana huko zinageuka mzigo mkononi. Betri za akiba zitakaa ndani ya nguo, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza nguvu. Kuhusu kofia ngumu, kaka yangu alijitolea kuniazima ya bodaboda, nami nikamshukuru na kutafuta ya baiskeli.

Jambo ambalo siwezi kulifanyia mazoezi mjini ni mwinuko, yaani hewa nyepesi ya juu mlimani. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo tumechagua siku nne badala ya tatu, na mchana wa kufika Saddle tutapanda Little Meru, mita 3,820, kisha turudi kulala chini yake. Kwenye njia ya kawaida kichwa kuuma ni kero. Kwenye ukingo, mtu anayepepesuka kama mlevi hana tena kiungo kimoja kilichotulia, sembuse vitatu, na dawa yake ni kushuka mara moja.

Mama bado ananiuliza, “Mwanangu, mlima umekukosea nini?” Sina jibu linalomridhisha.

Tunaondoka Alhamisi. Nimekubaliana na kiongozi kwamba tukiukuta mwamba una barafu au mvua, au nikishindwa kumjibu swali lake kwa ufasaha tukiwa Rhino Point, tutageuka palepale, na kwamba neno la mwisho ni lake. Nilimwomba alirudie agano hilo mbele ya kaka yangu, kwa sababu najijua: saa kumi usiku, kilele kikiwa karibu, nitaanza kumbishia.