Haya dada

Siku ya tano leo na bado nausikia ule mfereji. Mdogo wangu anayefanya kazi za ndani Riyadh, Saudia (mnamjua, yule wa mahamri) alinipigia Jumanne saa saba usiku, kajifungia msalani kafungulia maji ili madamu asimsikie, akaniambia dada nimechoka, nalala masaa manne tu, mshahara wa miezi miwili sijauona. Na mimi nikamjibu nini? Vumilia mdogo wangu, miezi kumi si mingi. Kimya. Maji tu yanamwagika. Kisha akasema, "Haya dada. Nisalimie Mama." Akakata.

Haya dada. Naijua haya ile, ndio alokua akimwambia marehemu baba akishaona hapa sipati kitu. Tumehamia nyumba mpya Alhamisi na wifi kajifungua salama, mtoto wa kiume, alhamdulillahi, lakini nikibeba masanduku nasikia haya dada, nikimpakata mtoto nasikia haya dada.

Na uchungu ni kwamba sikumwambia vumilia kwa kutojua. Iqama yake, kile kibali cha kuishi kule, imefungwa kwa kafili, yani mwajiri aliyemdhamini, akitoka tu mlangoni bila ruhusa wanamripoti huruub, yani mtoro, na mtoro anaweza kukamatwa akarudishwa kwao hata kama yeye ndiye anayedai. Mwaka 2021 Saudia ilipowafungulia wafanyakazi njia ya kuhama mwajiri bila idhini yake, wa majumbani hawakuwemo. Yule anayelala ndani kwa bosi, asiye na hata mwenzake wa kumshuhudia, ndiye alieachwa! Niliogopa asitoke akakamatwa, nikampa neno ambalo sisi wanawake wa nyumba hii tumepewa miaka yote.

Jana asubuhi hofu ikanitoka, zikabaki hasira. Nimetoa kopi ya mkataba kwenye bahasha, riyali 900 kwa mwezi, saini ya agenti hii hapa. Na kanuni za Saudia wenyewe za wafanyakazi wa majumbani, zilizoanza Oktoba 2024, zinasema kazi isizidi masaa 10 kwa siku, mapumziko siku nzima kila wiki, na mwajiri asishike paspoti ya mtu. Ya mdogo wangu iko kabatini kwa madamu chini ya mashuka ya wageni, aliiona akipanga nguo. Nikaenda kwa agenti nikakaa kwenye benchi mpaka wakafunga ofisi, wanasema nirudi Jumatatu, nitarudi na kaka na hatutoki mpaka wampigie huyo kafili mbele yetu.

Usiku nikamtumia voisi. Nikamwambia lile neno nimelirudisha, nisamehe, andika kila siku saa unayoamka na saa unayolala, na ukirudi mikono mitupu mlango uko wazi, hakuna wa kukuuliza kitu. Tiki moja mpaka sasa.

Na Mama tangu tuhamie hapa anakohoa usiku kucha, sijui ni hii rangi mpya ya ukutani au ni kile kifua chake cha mwaka jana kimerudi.